Nyongo ya Mbuzi wa Sista Remedios

Elida Wilondja hajui kupika vibaya. Hilo wanakubaliana wote, kuanzia wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma, wanaogombania sahani zake saa saba mchana, mpaka mawifi zake wa Kasingirima, ambao kwa kawaida hawakubaliani naye kwa lolote. Sombe yake, yaani kisamvu, haina mchanga. Samaki wake wa mgebuka huiva mpaka mwiba wa kati ukachomoka mzima, na ugali wake wa muhogo hauna donge hata moja. Ukimsifu atacheka na kukuongezea mchuzi. Lakini ukimwuliza habari za chakula cha Kifilipino, maana sifa hiyo nayo imeenea mjini, atageuka akoroge sufuria isiyohitaji kukorogwa, wala hatakujibu. Watu hudhani anaringa. Haringi hata kidogo. Ana jambo linalomkaa rohoni, nami nitalieleza lilivyokuwa bila kumpamba.

Bibi yake mzaa mama alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa na watoto wanne na sufuria moja. Huyo bibi ndiye aliyemfundisha kupika, na alimfundisha kwa masharti. Sharti kubwa lilihusu nyongo. Ukichinja kuku, kifuko cha nyongo unakitoa kwa ncha za vidole, polepole, unakwenda kukitupa mbali na mlango. Kikipasukia kwenye nyama, nyama hiyo haiwekwi mbele ya mgeni. Kwa bibi hili lilikuwa zaidi ya ladha. Alikuwa na mkwe mwenye mkono mwepesi, aliyempiga binti yake mpaka binti akarudi nyumbani. Siku mkwe alipokuja kumfuata mkewe, bibi alimkaribisha mkekani, akampa maji ya kunawa, akamwekea kuku aliyempasulia nyongo kwa makusudi. Mkwe alimega tonge la kwanza, akatafuna, akasimama. Alielewa kwamba amefukuzwa. Alinawa, akaenda zake, na hakuonekana tena Kasingirima. Elida alikuwa na miaka saba, ameshika birika la maji, na aliyaona yote kwa macho yake.

Basi mtu aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo ndiye aliyeajiriwa jikoni kwa masista mwaka 2011, akiwa mjane mwenye binti mmoja, Regina. Nyumba ile ilikuwa na masista watatu. Wawili walikuwa Watanzania. Wa tatu alikuwa Sista Remedios, muuguzi wa zahanati, mama mfupi wa miaka sitini, mwepesi wa miguu, aliyetoka Ilokos, kaskazini mwa Ufilipino. Kiswahili chake kilianza kikiwa cha kamusi, baada ya muda kikawa cha Kibirizi, na akawa anabishana bei ya samaki mpaka wauzaji wanaomba amani.

Walipatana siku ya kwanza. Mchana, wakiketi kibarazani kuchambua maharage, Sista alikuwa akisimulia vyakula vya kwao, na akisimulia unaweza kuapa unasikia harufu. Alieleza biringanya zinazobanikwa mpaka ganda liungue, kisha zikamenywa na kukaangwa pamoja na nyanya na mayai. Alieleza majani ya mlonge yanayochemshwa majimaji, juu yake akawekwa samaki wa kubanika. Chakula hicho kwao kinaitwa dinengdeng. Elida akakiita dinengidengi, na nyumba nzima ikamfuata Elida. Kulikuwa na pinakbet pia, bamia na biringanya na karela, lile tango chungu lenye manundu, vyote katika sufuria moja pamoja na samaki wadogo waliovundikwa kwenye chumvi. Kwa ajili ya hao samaki Sista alikwenda mwenyewe Katonga kununua dagaa wabichi, akawashindilia chumvi kwenye mtungi, akauficha nyuma ya stoo miezi mitatu. Mtungi ulipofunguliwa, paka wa jirani aliyekuwa akizurura pale kila siku alitoweka wiki nzima. Elida, ambaye maisha yake yote alijua dagaa ni wa kuanikwa juani, alijikaza, akachovya kidole, akaonja. Akakiri kwamba si wabaya.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mvivu wa kujifunza. Alijifunza kila kitu. Kilichomshinda ni uchungu peke yake, na kwa bahati mbaya watu wa Ilokos wanapenda uchungu kuliko watu wowote aliowahi kuwasikia.

"Kwetu mtoto akianza kupenda vitu vichungu," Sista alimwambia, "mama yake anawatangazia majirani kwamba sasa amekua."

"Huku angepelekwa hospitali," Elida akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Chakula ambacho Sista alikitamani kuliko vyote kilikuwa supu ambayo mama yake aliipika Pasaka. Wao wanaiita papaitan. Unachukua utumbo wa mbuzi, maini, moyo na mapafu, unaviosha, unavikata vidogo vidogo, unavichemsha na tangawizi nyingi, vitunguu, pilipili na ukwaju. Mwishoni kabisa, sufuria ikiwa bado inachemka, unatoboa kifuko cha nyongo na kutia tone kwa tone huku ukionja, mpaka uchungu ukolee.

"Nyongo?" Elida aliuliza.

"Nyongo. Bila hiyo hakuna kitu."

"Tone moja?"

"Mpaka uchungu ukolee, Elida."

Pasaka ya mwaka 2012 wakanunua mbuzi kwa Mwinshehe, mchinjaji wa Ujiji, ambaye alicheka mpaka akakaa chini alipoambiwa asitupe nyongo. Elida alipika kama alivyoelekezwa. Sista alikuwa asimame naye jikoni, lakini akaitwa zahanati kwa mama aliyekuwa akijifungua. Elida akabaki na sufuria inayochemka, na kile kifuko cha kijani kikiwa kwenye kisahani. Alikishika. Mikono ikagoma. Huyu ni mgeni, amevuka bahari kuja kuwatibu watoto wetu, hana mama wala dada hapa, halafu mimi nimwekee nyongo? Aliwaza habari za yule mkwe na birika la maji. Akatoka nje, akakitupa kifuko migombani, akarudi akakamulia ndimu mbili.

Sista alirudi saa kumi, amechoka, akaketi mezani. Akala kijiko cha kwanza, akachungulia bakuli. Akala cha pili.

"Asante sana, Elida," alisema. "Umejitahidi."

Hapo ndipo ningependa kumshika Elida mkono. Neno lilikuwa dogo siku ile. Angesema, "Sista, nyongo sikutia, nimeogopa," wangecheka, wangeiagiza nyingine Jumatatu, na habari ingeishia hapo. Lakini alisikia asante, akaona amefaulu. Alijiambia kwamba kumbe nyongo si lazima, ni kama jani la kupambia. Na Sista naye alikuwa mtawa tangu usichana, aliyefundishwa kula kinachowekwa mbele yake na kushukuru. Asingemsema mpishi hata kama angepewa maji ya moto.

Mwaka uliofuata Sista alisema pengine mbuzi wa huku hawana uchungu kwa sababu ya majani wanayokula. Mwinshehe akatafuta mbuzi wa Kalinzi. Mwaka mwingine akatafuta wa Uvinza. Watu wazima walisumbuka kusaka mbuzi mwenye nyongo kali, na Elida alikuwa akisikiliza kwa uso mkavu, kisha anakwenda migombani. Karela nazo alizifanyia hivyo hivyo: alikuwa akizikata, akizitia chumvi na kuzikamua mpaka maji machungu yote yatoke, kabla Sista hajatia mguu jikoni. Alifanya yote kwa upendo, na hilo ndilo linalonitia hasira ninaposimulia. Angekuwa na roho mbaya ingekuwa rahisi kumlaumu.

Kichekesho ni kwamba ile supu ilipata jina. Bila nyongo ilikuwa supu nzuri ya mbuzi, yenye tangawizi na ndimu, ambayo mtu yeyote wa Kigoma angeilamba mpaka bakuli liwe safi. Masista wawili Watanzania wakaomba ipikwe kila mwezi. Mapadri wakawa wanapita Jumapili wakiulizia supu ya Kifilipino. Waliisifu kwa sauti, wakamsifu Elida, wakamwambia Sista kwamba kwao wanajua kula. Sista alikuwa akitabasamu pale mezani, anakula bakuli lake moja, anashukuru. Hakuwahi kuomba la pili.

Mwaka 2021 Sista alitimiza miaka sabini, na shirika lake likamwandikia barua. Sista aliyefika umri huo aliruhusiwa kurudi kwao kupumzika, au kubaki alipo mpaka mwisho, achague mwenyewe. Huko Ilokos alikuwa na kaka mmoja aliyesalia, Florensio, mzee wa miaka themanini, mjane, aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya wazazi wao. Florensio alikuwa amekwisha mwandalia chumba. Alimtumia picha kwenye simu: kitanda, chandarua, dirisha linalotazama bustani. Sista aliwaonyesha watu wote ile picha, hata wagonjwa.

"Nitaamua baada ya Pasaka," alisema.

Pasaka ikafika, papaitan ikapikwa, nyongo ikaenda migombani. Baada ya chakula, Sista alikuja jikoni, jambo ambalo hakulizoea siku za sikukuu. Akavuta kigoda, akaketi karibu na Elida aliyekuwa akiosha vyombo.

"Elida, nilijiwekea mtihani," alisema. "Nilipokuja huku, nikikumbuka kwetu tu, mdomo ulikuwa ukijaa uchungu wa supu ya mama. Nilikuwa nalia. Sasa wewe unanipikia vilevile nilivyokufundisha, sina la kukulaumu, na mimi nakula sisikii kitu. Mwanzo nilisingizia mbuzi. Mbuzi hana kosa. Ni ulimi wangu. Kwetu kumenitoka."

Elida aliacha kuosha.

"Sasa niende kufanya nini?" Sista akaendelea. "Nikakae na Florensio, anipikie chakula cha mama, nile kama ninayekunywa maji, na yeye ananitazama? Nitamvunja moyo bure. Nimemwambia Mungu leo mezani, kama nitausikia ule uchungu hata kidogo, nakwenda. Sikuusikia. Nabaki na nyinyi."

Neno lilimfika Elida kwenye meno. Ninajua, kwa sababu yeye mwenyewe amekiri kwangu. Alijua papo hapo kwamba ulimi wa Sista ni mzima, kwamba mwenye kosa ni yeye, na kwamba sentensi moja ingempandisha yule mama kwenye ndege. Lakini ile sentensi ilikuwa na uzito wa miaka tisa. Angeanzaje kusema, nimekudanganya tangu Pasaka ya kwanza? Halafu kulikuwa na jambo la pili, ambalo ni baya zaidi, nalo ni kwamba alifurahi. Sista Remedios ndiye aliyekuwa rafiki yake katika dunia hii. Ndiye aliyekaa kando ya kitanda cha Regina alipougua homa ya matumbo, ndiye aliyekuwa akicheka naye na kumsikiliza. Elida hakutaka aondoke.

"Hapa ni kwako, Sista," alisema. "Wala usiwaze."

Sista akambana bega, akatoka. Elida akarudi kwenye vyombo, na akaimba. Aliimba pambio zima la Pasaka, kiitikio na mashairi, mpaka sufuria ya mwisho. Leo nikimwuliza ni nini hasa kinachomchoma, hanitajii uongo wa miaka yote ile. Ananiambia kwamba aliimba.

Bado muda ulikuwepo. Mwezi wa nane alimweleza Regina, ambaye sasa ni mwalimu Kasulu na alikuwa amekuja likizo. Regina hana subira na mambo ya kuzungushazunguka.

"Mama, mwambie leo hii. Kaka yake si bado yupo?"

"Yupo."

"Basi unangoja nini?"

"Nitamwambia Krismasi. Watu wakiwa na furaha wanasamehe haraka."

Krismasi ikaja, masista wakawa na wageni, haikufaa. Kwaresima ikaja, akasema si vizuri kumpa mtu uchungu wakati wa mfungo. Pasaka ya 2022 alikwenda kwa Mwinshehe ameazimia kabisa, akarudi na nyongo, akaishika, halafu akawaza: nikiitia leo atajua. Ataniuliza ilikuwaje miaka yote. Akaenda tena migombani, safari hii akilia. Pasaka iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo, ila hakulia.

Novemba mwaka 2023, mvua ikinyesha, simu ilimkuta Sista barazani. Alisikiliza, akajibu maneno machache kwa lugha ya kwao, akaketi. Elida alimletea chai.

"Florensio amefariki," Sista alisema. "Jirani anasema chumba changu alikuwa akikifagia kila Jumamosi. Nilimwambia siji, akasema haidhuru, atafagia tu."

Elida alisema pole. Alisema pole mara nyingi mno, mpaka Sista akamtazama. Kwa wakati huo moyo wa Sista ulikuwa umeanza kusumbua, na daktari alikuwa amekwisha kataza safari za ndege. Hata kama angetaka kwenda kulia kaburini, njia haikuwepo.

Elida alikaa na hilo jambo kuanzia Novemba hadi Pasaka. Alipungua, mawifi wakasema ana sukari. Lakini akapiga moyo konde. Aliona hawezi kumwacha yule mama afe akiamini kwamba ulimi wake ndio uliomsaliti. Kumwambia kwa maneno tu hakukutosha. Alitaka amrudishie kile alichomnyima, halafu apokee atakachopokea.

"Mama Regina, nyongo yako hiyo," Mwinshehe alimwambia siku ya Pasaka ya 2024, akimkabidhi kifuko kilichofungwa uzi wa mgomba. "Miaka yote hii sijaonja hiyo supu yenu. Chungu sana?"

"Sijui," Elida akamjibu, na safari hii alikuwa anasema kweli.

Masista wale wawili walikuwa wamealikwa parokiani. Nyumbani alibaki Sista Remedios peke yake, kwa sababu ya moyo wake. Elida alipika. Mwishoni alitoboa kifuko, akatia tone, akakoroga, akaonja. Akaongeza. Akaonja tena mpaka uso ukamkunjika na mate yakamjaa. Supu ilibadilika rangi ikawa ya kijani hafifu, na harufu yake ilikuwa nyingine kabisa, kali na ya majani. Akapakua, akapeleka mezani, akasimama.

Sista alisali, akachukua kijiko. Alikula cha kwanza, na mkono ukabaki juu. Hakumtazama Elida. Alikula cha pili polepole, akakiweka mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza. Kisha akaweka kijiko chini.

"Mbuzi huyu katoka wapi?"

"Kwa Mwinshehe, Sista. Kama siku zote."

"Na nyongo?"

Elida akapiga magoti pale pale sakafuni. Alieleza kila kitu: bibi, mkwe, migomba, ndimu mbili, Pasaka ya kwanza, karela alizozikamua. Alieleza na siku ile ya kigoda, kwamba alijua na akanyamaza, na kwamba alifurahi. Hata habari ya kuimba aliieleza. Alilia mpaka kamasi zikamtoka, mwanamke wa miaka hamsini na saba.

Sista alimsikiliza hadi mwisho.

"Ningekwenda, Elida," alisema.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya wiki, na Elida anasema ingekuwa heri amtandike. Alisubiri neno la pili. Angepokea lolote, matusi au amri ya kufungasha virago, hata msamaha. Sista akachukua tena kijiko, akala mpaka akamaliza, kisha akalisukuma bakuli tupu mbele yake.

"Niongeze."

Alikula mabakuli matatu siku hiyo. Machozi yalikuwa yakimdondoka na hakuyafuta, alikula nayo. Elida alikuwa akipakua na kusimama pembeni na upawa mkononi, kwa maana hakuambiwa aketi, na hakujua aweke wapi macho yake.

Sista Remedios alifariki mwezi wa sita mwaka uliofuata, akazikwa hapa hapa Kigoma. Katika mwaka ule wa mwisho hakuomba tena kupikiwa chakula cha kwao, wala hakulitaja lile jambo hata mara moja. Alikuwa akimwamkia Elida vizuri kila asubuhi, anamwulizia Regina, anakula sombe, anakula mgebuka. Akimaliza anasema asante sana, Elida, kwa sauti ile ile aliyoitumia miaka yote, na Elida hakuweza kujua kama ni asante ya kweli au ya adabu tu.